Bei ya Urefu: Manute Bol na Timu Zilizomnunua

Katika miji yetu hii miwili ya Thika na Ruiru, kijana mrefu kupita kiasi hapandi matatu bila ya kuulizwa kama anacheza mpira wa vikapu. Swali hilo limezidi kusikika tangu familia nyingi za Sudan Kusini zilipokuja kupanga nyumba na kusomesha watoto wao kandokando ya barabara kuu ya Thika, kuanzia Ruiru hadi Juja na Makongeni. Aulizaye aghalabu hana nia mbaya. Lakini nyuma ya swali hilo mna hesabu fulani, kwamba urefu ni mali, na mali yoyote hununuliwa na kuuzwa.

Hesabu hiyo sasa imefika kwenye fedha taslimu. Timu moja ya mtaani, ambayo jina lake nalihifadhi kwa kuwa viongozi wake ni watu ninaoheshimiana nao, imo katika mabishano makali. Wako wanaotaka timu itumie akiba yake ya msimu mzima, ikope na nyingine, na fauka ya hayo iwaachilie wachezaji wake wawili chipukizi waende klabu nyingine, ili impate senta mmoja mrefu wa ghali. Wako wanaosema huo ni wazimu. Nimeombwa maoni yangu, yamkini kwa dhana iliyoenea kwamba mwenye shahada ya uzamifu katika isimu hawezi kukosa la kusema juu ya jambo lolote lile. Maoni ninayo, ila nitayapitisha katika maisha ya mtu aliyekuwa senta, aliyekuwa mrefu kuliko karibu kila mchezaji aliyewahi kushiriki katika ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, na ambaye timu mbili tofauti zilimpata kwa bei mbili tofauti. Mtu huyo ni marehemu Manute Bol.

Hati zake zilionyesha kuwa alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1962 huko Turalei, katika eneo la Bahr el Ghazal, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa ya Sudan na leo ni ya Sudan Kusini. Tarehe yenyewe ni ya kukisiwa, kwa maana katika maboma ya wafugaji wa Kidinka hapakuwapo na karani wa kuandikisha vizazi. Jina Manute, kama familia yake ilivyolieleza, lina maana ya baraka ya pekee. Urefu ulikuwa wa ukoo; mama yake alikuwa na kimo kinachopita mita mbili, na babake vilevile. Yeye mwenyewe alikoma kukua alipofika mita 2.31. Alilelewa akichunga ng'ombe, na husimuliwa kuwa siku moja alimuua simba kwa mkuki, simba mwenyewe akiwa amelala. Sehemu hiyo ya mwisho, ya simba kulala, ndiyo inayonifanya nikiamini kisa hicho, kwani mtu anayetunga sifa zake hamlazi simba.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa mazoea ya kazi hayafichiki. Kidinka ni lugha ya Kiniloti, ndugu ya Dholuo cha Wakenya wenzetu wa Nyanza, na kwa mbali zaidi ni jamaa ya Kimaasai na lugha za Wakalenjin. Ni lugha ambayo wanaisimu huitaja kwa heshima kwa sababu irabu zake zina urefu wa daraja tatu, ilhali lugha nyingi duniani zenye kutofautisha irabu fupi na ndefu hutosheka na daraja mbili. Kwa hiyo huyu mtu tunayemkumbuka kwa urefu wa kimo alitoka katika watu ambao hata katika matamshi hupima urefu kwa makini kuliko sisi. Watangazaji wa Marekani waliolikariri jina lake kwa miaka kumi hawakujua hilo, wala sidhani lingewashughulisha.

Mpira wa vikapu aliuanza akiwa amekwisha kubalehe, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Wau na baadaye Khartoum. Alipojaribu kwa mara ya kwanza kuushindilia mpira kikapuni, meno yake yaligonga chuma akayavunja. Mwaka 1982 kocha Mmarekani, Don Feeley, alifika Sudan kufunza timu huko, akamwona, akarudi kwao akiwa na habari ya kuwaambia wenzake. Mwaka uliofuata, 1983, Bol aliingia Marekani. Husemekana kuwa pasipoti yake ilimwandika kuwa mtu mfupi wa kimo cha futi tano na inchi mbili, kwa sababu afisa aliyempima alimpima akiwa ameketi. Timu ya San Diego Clippers ilimteua mwaka huohuo, lakini ligi iliutangua uteuzi huo. Akapelekwa Cleveland kujifunza Kiingereza, akakaa huko bila ya kuruhusiwa kuchezea chuo, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Bridgeport, katika jimbo la Connecticut, ambako katika msimu mmoja wa 1984-85 alifunga wastani wa pointi zaidi ya 20 na kuzuia mitupo saba katika kila mchezo. Katika kiwango hicho cha vyuo vidogo, wapinzani wake walikuwa kama watoto waliofungiwa mlango.

Mwaka 1985 Washington Bullets, timu ambayo tangu 1997 yaitwa Wizards, ilimteua katika raundi ya pili, akiwa wa 31 kwa orodha. (Mwaka huohuo, hapa kwetu, kituo cha utafiti wa kahawa kilitoa kwa wakulima aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, ambayo sifa yake moja kuu ni kuwa fupi, ikapandwa kwa kubanana na kuyahimili magonjwa. Washington ilitafuta kilicho kirefu, Ruiru ikatafuta kilicho kifupi, na kila mmoja alikuwa na sababu zake.) Katika msimu wake wa kwanza Bol alizuia mitupo 397, wastani wa takriban mitano kila mchezo, idadi ambayo hakuna mchezaji mgeni katika ligi hiyo aliyewahi kuifikia kabla yake wala baada yake. Kwa ujumla ni Mark Eaton wa Utah peke yake aliyekuwa amepita idadi hiyo, alipozuia 456 msimu mmoja kabla. Ila katika kufunga, Bol hakufika hata pointi nne kwa mchezo. Alikuwa mwembamba mno, kilo 90 na ushei kwa kimo kile, na wapinzani walimsukuma kama watu wanavyosukuma pazia.

Timu yenyewe ilishinda michezo 39 na kupoteza 43. Viongozi wake wakaona kwamba dawa ni senta mwingine, wa ghali zaidi, na katika Juni 1986 wakafanya mabadilishano makubwa na Philadelphia 76ers wakampata Moses Malone, aliyekuwa ameshatuzwa mara tatu kuwa mchezaji bora wa ligi. Malone alikuwa mchezaji wa kweli, tena hodari. Hakuna wa kubisha. Hata hivyo, msimu uliofuata timu ilishinda michezo 42, yaani mitatu tu zaidi ya hapo awali, ikaondolewa mapema katika mchujo. Bol naye akarudishwa nyuma kwenye benchi, dakika zake zikapungua. Mwaka 1987 wakamleta Muggsy Bogues, mchezesha timu mwenye kimo cha mita 1.60, na picha yake akiwa amesimama kando ya Bol ikauzwa duniani kote. Watu walicheka na picha ikapata umaarufu. Idadi ya ushindi ikashuka hadi 38.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mnamo Juni 1988 Washington walichoka naye, wakampeleka Golden State Warriors, timu ya Oakland huko California. Walipewa nini? Walipewa Dave Feitl, mchezaji wa akiba ambaye ni wachache wanaomkumbuka leo, pamoja na haki ya kuteua chipukizi mmoja katika raundi ya pili. Kwa bei za ligi hiyo, hayo yalikuwa makombo. Warriors walikuwa wametoka katika msimu mbaya sana wa ushindi 20 na vipigo 62. Kocha wao mpya, Don Nelson, alikuwa mtu wa kupinda mambo ambayo wenzake waliyaacha yamenyooka. Aliwakuta Chris Mullin na chipukizi Mitch Richmond, wafungaji wawili wa kupigiwa mfano, akajiuliza huyu mrefu angewafaa nini hao wawili.

Jibu alilolipata lilishangaza. Katika ulinzi alimweka Bol chini ya kikapu, kama ilivyotarajiwa, naye akaongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo 345. Lakini katika mashambulizi alimtoa kabisa kule ndani, akamsimamisha mbali, nyuma ya mstari wa pointi tatu, na kumpa ruhusa ya kutupa. Bol alijaribu mitupo ya aina hiyo mara 91, akaipata 20. Kwa hesabu ya darasani, hayo ni matokeo duni. Kwa hesabu ya uwanjani, maana yake ilikuwa kwamba senta wa wapinzani alilazimika kutoka kwenye kivuli cha kikapu kumfuata huko mbali, na nyuma yake kukawa na uwanja mtupu ambao Mullin na Richmond waliutumia watakavyo. Timu ilishinda michezo 43 msimu huo, zaidi ya mara mbili ya ule uliotangulia, na katika raundi ya kwanza ya mchujo wa 1989 ikaiondoa Utah, timu ya Mark Eaton aliyekuwa mfalme wa kuzuia mitupo, kwa michezo mitatu kwa bila. Sisemi kwamba Bol ndiye aliyeyaleta hayo yote. Richmond peke yake alichaguliwa mchezaji bora mgeni wa mwaka. Nasema kwamba alipata kazi iliyomfaa, katika timu iliyojua inamtaka kwa ajili gani.

Miaka miwili baadaye sifa zilikuwa zimemtangulia, na bei nayo imepanda. Tarehe 1 Agosti 1990 Philadelphia 76ers walimchukua kwa kutoa haki yao ya kuteua katika raundi ya kwanza ya mwaka 1991. Katika ligi hiyo, haki ya raundi ya kwanza ndiyo mbegu ya kesho. Mkulima haitoi ila awe na hakika ya mavuno au awe na njaa. Philadelphia walikuwa na njaa. Walikuwa na Charles Barkley katika ubora wake, walikuwa wameshinda michezo 53 katika msimu uliopita, na waliamini kuwa wamepungukiwa na ukuta tu. Ukuta wakaupata: Bol alicheza michezo yote 82 na kuzuia wastani wa mitupo mitatu. Ushindi ukashuka kutoka 53 hadi 44, na msimu wa pili ukashuka tena hadi 35, wakakosa hata kuingia katika mchujo. Kiangazi cha 1992 Barkley akaondoka kwenda Phoenix.

Haki itendeke: anguko hilo halikuwa la Bol. Mchezesha timu wao, Johnny Dawkins, aliumia goti mapema katika msimu wa 1990-91, na timu isiyo na mchezesha ni sentensi isiyo na kitenzi. Lakini hapo ndipo ninapotaka msomaji atazame. Fedha na haki zao walikuwa wamezitumia kwa ukuta, na pengo lilipofunguka mahali pengine hawakuwa na cha kulizibia. Warriors, kwa upande wao, waliitumia haki ile waliyopewa kumteua Chris Gatling, aliyecheza katika ligi kwa miaka mingi na mwaka 1997 akaitwa katika mchezo wa nyota wa ligi. Mtu mmoja, kimo kilekile cha mita 2.31, mikono ileile. Alipokuwa rahisi aliifaa timu. Alipokuwa ghali, timu haikupata ilichokitarajia.

Na isidhaniwe kuwa kosa lilikuwa la kumchagua mrefu asiyejua kufunga. Chukua masenta wawili waliokuwa na kila kitu. Wilt Chamberlain alihamishiwa Los Angeles Lakers mwaka 1968, wakatolewa wachezaji watatu kwa ajili yake, na ubingwa haukuonekana hadi 1972. Kareem Abdul-Jabbar alipelekwa Lakers hao hao mwaka 1975, wakatolewa wanne. Naye hakuvaa taji akiwa huko hadi 1980, baada ya kufika kwa mgawaji mpira aitwaye Magic Johnson. Ikiwa hao wawili, ambao hakuna senta wa Afrika Mashariki atakayekasirika kwa kuwekwa chini yao, walihitaji miaka minne au mitano na wenzao wa kuwapa mpira, basi wanaobishana kule Ruiru wana sababu ya kuteremsha sauti.

Nimekwenda kuitazama timu hiyo ikicheza. Ina vijana wepesi, wenye moyo. Haina mtu wa kupeleka mpira ndani. Mara nyingi mpira hupotea kabla haujafika mahali ambapo senta yeyote, awe mrefu wa mita mbili au tatu, angeupokea. Wachezaji wawili wanaotaka kuachiliwa ndio hao hao wanaojaribu kuupeleka. Uwanja wao una nyufa zinazogeuza mdundo wa mpira, na bei ya senta anayetafutwa, kama nilivyoelezwa, inakaribia gharama ya kuupiga uwanja huo saruji upya. Wanaotaka kununua wana hoja moja ya maana: kwamba vyuo vya jirani, Zetech hapa Ruiru na Mount Kenya kule Thika, huwavutia vijana warefu kwa masomo, na timu ya mtaani isiyo na karo ya kumlipia mtu haina njia nyingine ila fedha. Hoja hiyo naikubali. Siikubali hitimisho lake. Kama mimi ningekuwa katika kamati, ningekataa biashara hii kwa bei hii, na hasa ningekataa kuwatoa wale wawili.

Kuna jambo jingine ambalo katika mabishano yote niliyoyasikiliza halikutajwa hata mara moja, nalo ni huyo kijana mwenyewe atapata nini. Klabu yake ya sasa itapata fedha. Timu ya Ruiru itapata urefu. Yeye ni mwanafunzi, mtoto wa wakimbizi, na hakuna aliyejua kidato alichofikia wala nani humlipia karo. Ningependelea mara mia timu imwendee yeye na walezi wake, imlipe yeye marupurupu yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, hata kama ni madogo, na msimu ukiisha awe huru kwenda atakako. Hiyo ndiyo biashara ambayo ningeipigia kura.

Nasema hivyo kwa sababu ya yale ambayo Manute Bol aliyafanya na sehemu yake. Ligi ilimhamisha kama inavyowahamisha wachezaji wake, bila ya kuomba ridhaa yao. Lakini mshahara ulikuwa wake, na alijua pa kuupeleka. Vita vya Kusini mwa Sudan vilizuka upya mwaka 1983, mwaka uleule alioondoka, na vikaua ndugu na jamaa zake wengi. Alipokuwa akichezea Philadelphia alikuwa akisafiri hadi Washington kuwaeleza wabunge wa Marekani habari za vita ambavyo wengi wao hawakuweza kuvionyesha kwenye ramani. Alitoa fedha kwa harakati za John Garang na kwa wakimbizi, na inakadiriwa kuwa jumla ilifika dola milioni tatu na nusu. Wale watoto waliotembea kwa miguu hadi Ethiopia, kisha wakafika Kakuma katika Turkana yetu mwaka 1992, walikuwa miongoni mwa watu aliowabeba moyoni.

Uchezaji wake ulififia taratibu. Katika Machi 1993, dhidi ya Phoenix ambako Barkley alikuwa amehamia, alitupa mitupo sita ya pointi tatu ikaingia, yote katika kipindi cha pili, na ukumbi mzima ukasimama kumcheka na kumshangilia kwa wakati mmoja. Baada ya hapo alipita Miami, akarudi Washington, akarudi Philadelphia, na kumalizia Golden State msimu wa 1994-95 akiwa na magoti mabovu. Alikuwa amecheza michezo 624, amefunga pointi 1,599, na kuzuia mitupo 2,086. Katika historia ya ligi hiyo hakuna mwingine aliyemaliza kazi akiwa amezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga. Wamarekani pia humsingizia, kwa wema, kuwa ndiye aliyebuni ile kauli fupi ya Kiingereza ya maneno mawili ambayo vijana huitumia kukiri kosa uwanjani. Kama mwanaisimu siafiki sana. Kauli hiyo ilikwisha kuchapishwa mwaka 1986 katika kitabu kuhusu lugha ya viwanja vya mitaani, na misemo ya namna hiyo huwa haina baba mmoja. Lakini naona ni heshima kwa mtu aliyeanza kujifunza Kiingereza akiwa mtu mzima, kuhesabiwa miongoni mwa wazazi wa usemi ambao leo husikika hata katika viwanja vya Thika.

Fedha zilimwishia. Katika miaka ya 1990 alirejea Sudan, na serikali ya Khartoum ikamwahidi wadhifa wa waziri wa michezo kwa sharti kwamba abadili dini yake. Alikataa, na baada ya hapo kutoka nchini kukawa shida. Mwaka 2001 aliweza kufika Cairo, na mwaka 2002 akaingia tena Marekani, safari hii akiwa mkimbizi. Huko alikubali kufanya mambo ambayo mashabiki wake wa kale waliyatazama kwa haya: alipigana ndondi za maonyesho katika televisheni, akavalishwa viatu vya kuteleza kwenye barafu, akaandikishwa kuwa mpanda farasi wa mashindano. Watu walicheka. Alijua kuwa wanacheka, na mapato aliyaelekeza kwa watoto wa nyumbani. Mwaka 2004 aliumia vibaya katika ajali ya teksi huko Connecticut, hata shingo ikavunjika, na kutembea kukawa kwa taabu tangu siku hiyo.

Mkataba wa amani uliotiwa sahihi Nairobi mnamo Januari 2005 ulimfungulia njia ya kwenda kwao bila ya kujificha. Kwa ushirikiano na shirika la Sudan Sunrise alianza kujenga shule Turalei, akitaka isomeshe watoto wa kila kabila na kila dini, wakiwamo wa wale waliopigana na watu wake. Mwaka 2010 alikuwa huko wakati wa uchaguzi. Aliporudi Marekani alikuwa mgonjwa: figo zilikuwa zimechoka, na ngozi yake imeshikwa na maradhi makali. Alifariki tarehe 19 Juni 2010 katika hospitali ya Charlottesville, Virginia. Miezi saba baadaye watu wake walipiga kura ya kujitenga, na tarehe 9 Julai 2011 nchi ikapandisha bendera yake.

Miongoni mwa watoto aliowafunza mpira wa vikapu huko Misri alikuwamo mtoto wa familia ya wakimbizi kutoka Wau, Luol Deng, ambaye baadaye alikuwa nyota wa Chicago na kisha akaliongoza shirikisho la mchezo huo la Sudan Kusini. Chini yake timu ya taifa ilifika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Katika mchezo wa kirafiki mjini London, siku chache kabla, waliwakosakosa Wamarekani kwa pointi moja, 101 kwa 100, na katika Olimpiki yenyewe, mjini Lille, wakaishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Walioiongoza kwa pasi timu hiyo hawakuwa masenta.

Bol mwenyewe aliombewa katika kanisa kuu la Washington, mji ambao timu yake ya kwanza ilimuuza kwa makombo, kisha mwili wake ukasafirishwa hadi Turalei, ukazikwa katika ardhi ya ukoo wake, karibu na mahali shule ilipokuwa ikijengwa.